Quinta si Jumatano: uchambuzi wa buking moja iliyopotea kati ya Kireno na Kiswahili

Nyumba ya wageni ya vyumba 12 huko Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Mchana mapokezi anakaa dada mmoja, usiku anabaki mlinzi. Dada anazungumza Kiingereza vizuri, Kiitaliano cha kutosha, na Kihispania alichookota kwa wageni. Kireno amejifunza kwenye simu: "bom dia", "boa noite", "obrigada", "por favor", "seja bem-vindo". Maneno kama thelathini hivi, yote ya adabu, na anayatamka vizuri. Hata hivyo buking ya Wabrazili wawili iliharibika mikononi mwake, tena mara mbili ndani ya siku nne.

Kisa hiki kimeshonwa kutokana na makosa yanayojirudia kwenye mapokezi ya aina hii, kwa hiyo hakuna jina la nyumba wala la mgeni. Kinafaa kuchambuliwa kwa sababu hakuna mtu aliyefanya uzembe. Dada alisikiliza, akajibu kwa heshima, akaandika daftarini, akamtuma dereva. Kila kosa lilikuwa na sababu yake ya maana.

Mambo yalivyokwenda

Ujumbe wa sauti uliingia WhatsApp kutoka São Paulo:

"Oi, boa tarde! Eu queria reservar um quarto de casal, com café da manhã, pra quinta da semana que vem, três noites. A gente chega de madrugada, lá pelas duas e meia. Vocês buscam no aeroporto? Ah, e o meu celular não vai funcionar aí, então anota o da minha esposa..."

Yaani: naomba chumba cha kitanda kimoja kikubwa, pamoja na kifungua kinywa, Alhamisi ya wiki ijayo, kwa siku tatu. Tunafika usiku wa manane, kama saa nane na nusu. Mnapokea wageni uwanja wa ndege? Halafu simu yangu huko haitafanya kazi, andika ya mke wangu. Namba aliyoitaja ilikuwa na kipande hiki: "nove, oito, meia, meia, três".

Dada alijibu kwa sentensi aliyoikariri: "Obrigada. Qual é o seu apelido?" Mgeni akacheka, akaandika "Beto". Dada akamaliza: "Ok, Beto, confirmado."

Daftarini kukaandikwa: Beto, watu 2, Jumatano, saa 2:30 usiku, siku 3, kahawa asubuhi, dereva eapoti. Na namba ya simu.

Jumatano saa mbili na nusu usiku dereva alisimama uwanjani na karatasi ya BETO. Akangoja mpaka saa nne na nusu, akapiga ile namba, haikwenda, akarudi Paje. Saa tano akaja mgeni wa kubisha hodi, akapewa chumba. Saa nane na nusu ndege ikatua. Wabrazili wakatafuta karatasi yenye jina lao, hawakuiona, wakachukua teksi. Karibu saa kumi wako getini. Mlinzi akafungua daftari, akalinganisha na jina la ukoo kwenye pasipoti, hakuliona. Wakalala kwenye viti vya mgahawa hadi kulipokucha.

Alhamisi asubuhi wakapewa chumba kingine, wakaombwa radhi, mambo yakatulia. Jumamosi saa nne asubuhi dada akagonga mlango kuwaambia muda wao umekwisha, chumba kina mwenyewe mchana ule. Wao walijua wanaondoka Jumapili.

Tano ipi?

Tuanze na siku, maana hapa Kiswahili chenyewe kinamponza anayekijua. Kireno kinazihesabu siku za wiki kuanzia Jumapili. "Segunda-feira" ni siku ya pili, yaani Jumatatu. "Terça-feira" ya tatu, Jumanne. "Quarta-feira" ya nne, Jumatano. "Quinta-feira" ya tano, Alhamisi. "Sexta-feira" ya sita, Ijumaa. "Sábado" na "domingo" hazina tarakimu. Katika mazungumzo "feira" hudondoshwa, inabaki "segunda", "quinta", "sexta".

Sisi tunahesabu kuanzia siku inayofuata Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Kwa hiyo anayejua kwamba "quinta" inatokana na tano, moja kwa moja anaandika Jumatano. Hivi ndivyo ilivyokuwa, na hana lawama. Asiyejua Kireno kabisa angeuliza, anayejua nusu ndiye aliyekosea.

Kanuni fupi: kwenye Jumatatu, Jumanne na Jumatano, toa moja. Tatu inakuwa "segunda", nne inakuwa "terça", tano inakuwa "quarta". Kwa Alhamisi usitoe kitu. Neno lenyewe limetoka kwenye tano ya Kiarabu, na Waarabu nao wanahesabu kutoka Jumapili kama Wareno, kwa hiyo Alhamisi na "quinta" ni mapacha. Kiswahili kina siku mbili za tano zilizopangana, na mgeni wa Kireno siku zote anaitaka ya pili.

Ongeza mtego mwingine wa karibu: "quatro" ni nne, "quarto" ni chumba, "quarta" ni Jumatano. "Quatro quartos na quarta" ni vyumba vinne siku ya Jumatano. Katika simu inayokatika-katika, hayo matatu yanasikika kama neno moja lililorudiwa, ndiyo maana siku ya wiki peke yake haitoshi kamwe. Iombwe tarehe: "Que dia do mês?" Siku na tarehe zikigombana, umegundua kosa kabla dereva hajawasha gari.

Saa mbili au saa nane

"Duas e meia" ni mbili na nusu. Dada akaandika saa mbili na nusu. Kireno, kama lugha nyingi za Ulaya, kinaanza kuhesabu saa sita ya usiku, sisi tunaanza jua linapochomoza, tofauti ni saa sita. Hilo kila mtu wa utalii analijua kwa Kiingereza. Mbona likamponyoka kwa Kireno?

Jibu liko kwenye wiki iliyotangulia. Mgeni huyu alikuwa ameandika "te ligo às oito", nitakupigia saa nane. Na kweli simu ikaita Paje saa nane mchana. Siku ya pili "às nove", ikaita saa tisa. Dada akajiridhisha kwamba Kireno kinahesabu kama Kiswahili. Lakini mgeni alikuwa anataja saa za kwao. São Paulo iko saa tatu nyuma ya saa za dunia, Tanzania iko saa tatu mbele. Jumla saa sita. Brazili iliacha kubadili saa za majira mwaka 2019, kwa hiyo tofauti hiyo haiyumbi mwaka mzima. Matokeo yake ni kichekesho: saa nane ya asubuhi São Paulo kwa hesabu yao ni saa nane ya mchana Zanzibar kwa hesabu yetu. Tarakimu zinakutana bila kujuana. Zinaendelea kukutana kwa kila simu inayopigwa kutoka huko, mpaka siku mgeni atakapotaja saa ya kutua Zanzibar, ambayo tiketi huiandika kwa saa za hapa.

Kwa Mreno wa Lisboa hali hiyo haipo: kwao ni saa tatu nyuma yetu majira ya baridi, mbili majira ya joto. Msumbiji iko saa moja nyuma.

Neno lililobeba ukweli wote ni "madrugada". Kireno kinaugawa usiku sehemu mbili: "noite" mpaka saa sita ya usiku, kisha "madrugada" mpaka alfajiri. "Duas da tarde" ni saa nane mchana. "Duas da madrugada" ni saa nane usiku. "Duas da noite" karibu husikii. Ukisikia "madrugada", jua ni kati ya saa sita na saa kumi na mbili kabla ya kucha, halafu jiulize swali la pesa: ni usiku wa kuamkia lini?

Hapa panahitaji subira. Kwa mgeni, "quinta de madrugada, duas e meia" ni Alhamisi, kwa kuwa tarehe imeshabadilika. Ila kitanda anachokihitaji ni cha usiku wa Jumatano, ule wa kuamkia Alhamisi. Wazee wa pwani wakisema "usiku wa Alhamisi" wanamaanisha huohuo, maana kwao siku inaingia na magharibi. Vijana wengi wakisema hivyohivyo wanamaanisha usiku baada ya mchana wa Alhamisi, ambao kwa Kireno ni "noite de quinta". Ukimwambia dereva wa miaka 60 na dereva wa miaka 25 "nenda usiku wa Alhamisi", unaweza kupata magari mawili katika siku mbili tofauti. Kireno kina namna ya kuliondoa tatizo: "na madrugada de quarta para quinta", usiku wa kutoka Jumatano kwenda Alhamisi. Sentensi hii ikaririwe neno kwa neno.

Tazama jinsi makosa mawili yalivyokaribia kuponyana. Dada alikosea siku kwa kurudi nyuma moja, akakosea saa kwa kurudi nyuma sita. Siku aliyoandika kwa makosa, Jumatano, ndiyo usiku ambao chumba kilitakiwa kushikiliwa. Angeandika saa sahihi tu, dereva angewakuta. Ndiyo sababu makosa ya namna hii hayagunduliki mapema: mengine yanatoka salama kwa bahati, na mtu anaendelea na kanuni mbovu.

Lakini usiku huo uliozaa kero ya kwanza ndio uliozaa ya pili. Mgeni alihesabu "três noites" kuwa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, kuondoka Jumapili. Daftari lilihesabu tatu kuanzia Jumatano, kuondoka Jumamosi. Ukweli ni kwamba anayelala kuanzia saa nane usiku wa kuamkia Alhamisi mpaka Jumapili anatumia usiku nne. Huo wa nne hakuna aliyeutaja, hakuna aliyeutoza, wala hakuna aliyeusamehe kwa maneno.

Meia, apelido na wenzao

"Meia" ni nusu. Pia ni soksi, lakini hilo tuliache. Wabrazili wanapotaja namba ya simu wanasema "meia" mahali pa "seis", kifupi cha "meia dúzia", nusu dazeni, ili sita isichanganyike na "três" kwenye simu mbovu. "Nove, oito, meia, meia, três" ni 9, 8, 6, 6, 3. Dada alidhani ni neno la kujazia tu, akaziruka mbili. Angeweza kugundua kwa kuhesabu: baada ya 55 ya nchi, namba ya mkononi ya Brazili ina tarakimu 11, mbili za eneo na tisa zinazoanza na 9. Yake ilikuwa na tisa kwa jumla. Wareno na Wasumbiji hawatumii "meia" hivi, wao husema "seis".

"Apelido" ni kosa la kitabu. Kwa Ureno na Msumbiji ni jina la ukoo. Kwa Brazili ni jina la utani. Ndiyo maana mgeni alicheka na kujibu "Beto". Jina la ukoo kwao ni "sobrenome". Badala ya kukariri nani anasema lipi, tumia sentensi inayofanya kazi nchi zote: "Pode escrever o nome como está no passaporte?" Aandike jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Mlinzi wa usiku anahitaji hilo tu.

Mawili madogo yapite haraka. "Café da manhã" si kahawa ya asubuhi, ni kifungua kinywa chote, na bei yake iko ndani ya chumba au haiko, pauliziwe. "A gente chega" si "watu wanafika". Mbrazili akisema "a gente" anasema "sisi".

Jibu ambalo lingeokoa kila kitu

Kilichoua buking hii ni neno moja: "confirmado". Limethibitisha nini? Mgeni alithibitishiwa Alhamisi ya kichwani mwake, dada akathibitisha Jumatano ya daftarini. Jibu lilipaswa kuwa la maandishi, lenye tarakimu, na lenye kuuliza mwishoni:

Boa tarde, senhor. Obrigada pela sua mensagem.
1 quarto de casal, 2 pessoas, com café da manhã.
Chegada: quinta-feira, 13/03, às 02:30 da madrugada, hora de Zanzibar.
O quarto fica reservado desde a noite de quarta-feira, 12/03.
Saída: domingo, 16/03, até às 10:00.
Total: 4 noites.
Está correto?

Mistari saba. Tarehe huandikwa siku kwanza, kisha mwezi, kama sisi. Saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24 wenye tarakimu nne, 02:30 au 20:30, na daftarini iandikwe hivyohivyo. Maneno "saa mbili" yaachwe kwa ajili ya kuongea. "Chegada" ni kufika, "saída" ni kuondoka. Wareno kwenye fomu hupenda "entrada" kwa siku ya kuingia, nalo linaeleweka. Mstari wa "Total" ndio ungeleta mjadala wa ule usiku wa nne siku tisa mapema, watu wakiwa wametulia, badala ya Jumamosi mlangoni.

"Obrigada" husemwa na mwanamke, "obrigado" na mwanamume, bila kujali anashukuriwa nani. Kaka akirithi simu ya mapokezi na kunakili ujumbe wa dada, hapo pabadilishwe.

Bei nazo zina mtego. Kireno kinatumia nukta kwa maelfu na mkato kwa desimali, kinyume cha mazoea yetu. Ukimwandikia mgeni 1,200 anaweza kusoma moja na robo kasoro kidogo. Yeye akiandika 1.200 anamaanisha elfu moja na mia mbili. Andika 1200, bila alama yoyote, na fedha yake ikiwa imetajwa. Malipo ya awali ni "sinal", nchi zote: "Pedimos um sinal de 30% para garantir a reserva." Risiti ni "recibo", chenji ni "troco", fedha taslimu ni "dinheiro".

Programu za kutafsiri zinasaidia sana kwenye ujumbe huu, na aliye nazo azitumie. Zinapoelekea kwenye Kiswahili, mara nyingi huacha saa kama ilivyo, "saa 2:30 asubuhi", kauli ambayo Mswahili ataisoma kwa hesabu yake. Tarakimu za tafsiri ziangaliwe kwenye ujumbe wa asili.

Saa kumi usiku, wageni wako getini

Mlinzi hawezi kufundishwa Kireno kizima. Anaweza kubandikiwa karatasi yenye sentensi nne na namba ya dada. "Boa noite. Sejam bem-vindos." Karibuni. "Um momento, por favor. Vou ligar para a recepção." Dakika moja, napiga simu mapokezi. "Sentem-se, por favor." Kaeni. "Querem água ou chá?" Maji au chai? Mgeni anayejua kwamba kuna mtu anapigiwa simu hupoa nusu.

Dada akifika, maneno yaende kwa mpangilio huu: kosa, suluhisho, pesa. "A culpa foi nossa. Peço desculpa." Kosa ni letu, naomba radhi. Mbrazili husema pia "desculpe pelo transtorno", samahani kwa usumbufu. "O seu quarto fica pronto às oito", chumba kitakuwa tayari saa mbili asubuhi, na hapa tena onyesha 08:00 kwa kidole. Mwisho: "Não vamos cobrar esta noite, e pagamos o táxi." Hatutatoza usiku huu, na teksi tunalipa sisi. Asiye na madaraka ya kusema sentensi ya mwisho asiianze. Aseme "Vou falar com o gerente", nitaongea na meneja, arudi na jibu. Ahadi ya nusu kwa lugha ya kuazima inazidisha hasira.

Usiseme "não há problema", hakuna tatizo. Kwetu "hamna shida" ni kumtuliza mtu. Aliyelala kwenye kiti anasikia kwamba tatizo lake halihesabiwi.

Kireno cha nani?

Ujumbe ule ulijitambulisha tangu neno la kwanza: "Oi" ni Brazili. "Celular" ni Brazili. Mreno husema "telemóvel". "Café da manhã" ni Brazili; Ureno ni "pequeno-almoço", na Msumbiji utasikia pia "mata-bicho", muua mdudu, jina zuri kuliko yote kwa chakula kinachonyamazisha tumbo asubuhi. Choo na bafu ni "banheiro" kwa Mbrazili, "casa de banho" kwa Mreno na Msumbiji. Ureno "banheiro" ni mwokoaji wa ufukweni, na hoteli ya Paje inaweza kuwa na vyote viwili.

Heshima nayo inatofautiana. "Você" Brazili ni kawaida, Ureno inaweza kusikika kama kumdharau mtu. Mapokezi yabaki na "o senhor" na "a senhora", hakuna atakayechukia. "Rapariga" Ureno ni msichana tu. Brazili ni tusi katika maeneo mengi, usilitumie. Na Mbrazili akikusalimu "Pois não?" kwenye simu hakukatalii kitu, anakuambia karibu, nikusaidie nini; ndani yake kuna "não" lakini maana yake ni ndiyo.

Aliyeanza na Kihispania awe macho zaidi. "Propina" kwa Mhispania ni bakshishi. Kwa Mbrazili ni rushwa, kwa Mreno ni ada ya chuo. Bakshishi ni "gorjeta". "Exquisito" ya Kihispania ni chakula kitamu sana, "esquisito" ya Kireno ni kitu cha ajabu-ajabu. Usimsifie mgeni pweza wa nazi kwa neno hilo. Pweza mwenyewe kwa Kireno ni "polvo", ambayo kwa Mhispania ni vumbi.

Sikio nalo lizoee. Brazili "r" ya mwanzo inatoka kama "h", "reserva" inakuwa "hezerva"; "te" na "di" katika matamshi ya São Paulo na Rio zinakuwa "chi" na "ji", kwa hiyo "vinte e sete", 27, inasikika "vinchi sechi", na "dia" inasikika "jia". Wareno wanameza irabu: "pequeno-almoço" inakuja "pkenu-almosu". Msumbiji wanatamka wazi, sikio la Mswahili linawafuata upesi. Na mgeni kutoka Palma au Mocímboa da Praia mjaribu kwa Kiswahili kwanza. Katika mkoa wao wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Kiswahili kinasikika, na Kimwani cha huko ni jamaa wa karibu.

Mswahili ana mtaji wake. "Nh" ni "ny" yetu: "amanhã", "banho", "senhor". Na chumbani kuna Kireno cha karne kadhaa: meza ni "mesa", kopo ni "copo", mvinyo ni "vinho", na foronya ya mto ni "fronha". Mgeni akiomba "outra fronha", mtu wa usafi anaweza kuelewa bila mkalimani. Shida ni mlio wa puani wa "-ão". "Pão" ni mkate. Ukitoa bila pua inakuwa "pau", gongo, ambalo mtaani Brazili lina maana ya aibu. Mwenye shaka aonyeshe kikapu.

Kujifunza kwa mpangilio upi

Dada alianza na adabu, kama kozi nyingi zinavyoanza. Kwa mapokezi mpangilio ugeuzwe. Wiki ya kwanza namba tu: 0 hadi 31, kisha mamia. Weka jozi zinazoumana pamoja: "seis" na "sete", "três" na "treze", "dois" na "doze", "sessenta" (60) na "setenta" (70), "seiscentos" (600) na "setecentos" (700). Moja na mbili hubadilika: "um quarto", "uma noite", "dois quartos", "duas noites".

Wiki ya pili siku na saa. Zoezi ni imla: mmoja anasoma au kurekodi sentensi 20 kama "sexta, dia dezesseis, às sete e meia da noite", mwingine anaandika tarakimu tu: Ijumaa, 16, 19:30. Mreno atasema "dezasseis", pawekwe yote mawili. Dakika kumi kila zamu, na asiyepata 19 kati ya 20 asisogee. Humo ziingie "daqui a oito dias", ambayo ni wiki moja ijayo, na "quinze dias", ambayo ni wiki mbili. Anayeomba "quinze dias" aulizwe kama ni usiku 14 au 15, kwa tarehe.

Wiki ya tatu maswali: "Quantas noites?", "Quantas pessoas?", "Cama de casal ou duas camas?", "Em nome de quem?", "Pode repetir mais devagar?", "Pode escrever a data e a hora?" Hili la mwisho ndilo la thamani kuliko yote, maana linahamisha mazungumzo kutoka sikioni kwenda kwenye maandishi. Adabu na vyakula vije wiki ya nne. Hivyo hujifundisha vyenyewe kwa wageni walioko mezani.

Karatasi ya kaunta iwe nusu ukurasa. Juu siku saba kwa lugha mbili, chini yake saa 24 na saa za Kiswahili ubavuni: 02:00 saa nane usiku, 08:00 saa mbili asubuhi, 14:00 saa nane mchana, 20:00 saa mbili usiku. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, "meia = 6 (Brazili, simu)". Nakala ya pili abandikiwe dereva kwenye gari, kwa sababu ndiye atakayepigiwa na dada saa tano usiku na kuambiwa "nenda saa nane", naye atataka kujua ni nane ipi.